Dirisha Namba Nne

Wiki iliyopita nilikuwa katika ofisi moja ya laini za simu mjini Kasulu. Wameweka mashine mpya ya foleni: unabonyeza, inatoa tiketi, kisha sauti ya mwanamke mwenye haraka inakuita.

Kando yangu alikaa mama kutoka Nyakitonto. Laini yake ilikuwa imefungwa, na bintiye alikuwa amelazwa Kibondo akisubiri kujifungua. Kila mara aliitazama simu kana kwamba itamhurumia.

Sauti ikasema, "Tiketi namba kumi na tisa, dirisha namba nne."

"Mwakeye," mama akaisalimu kwa Kiha, akasimama. Kaunta zilikuwa mbili tu, wala hazikuandikwa namba. Akatoka nje. Kupitia mlangoni nikamwona akihesabu madirisha ya jengo kwa kidole. La nne akaligonga kioo.

Ndani alikuwamo meneja, shavu limejaa chapati.

"Vipi tena, mama?"

"Nimeitwa hapa, baba." Akampitishia tiketi na simu katikati ya nondo.

Meneja akameza kwa shida, akabofya kompyuta yake, laini ikafunguka. Simu ikaita hapo hapo. Mama akaisikiliza, kisha akapiga vigelegele: mjukuu wa kike!

Sisi tuliobaki tukatazamana, tukatoka kupanga foleni dirishani kwa meneja. Naye akatoka mbio kuizima mashine.

Simlaumu mama. Aliyeibuni mashine ile aliamini neno "dirisha" halihitaji maelezo. Na kweli, mama hakuyahitaji.