Bawa la Kumi na Sita

Lori lilipoingia yadi yangu ya Umbilo, Durban, Jumatano ile, niliuhesabu mzigo kabla dereva hajazima injini. Mimi nanunua milango, madirisha na mbao za nyumba zilizobomolewa, na katika biashara hii anayehesabu mara moja analiwa. Mabawa ya madirisha, yale ya mbao yanayofungwa kwa nje, rangi ya bluu. Kumi na sita. Nikarudia. Kumi na sita. Kisha nikaliona la mwisho, lenye vidoa vyeusi vilivyogandia ndani ya rangi kama ufuta kwenye mkate.

Sikumuuliza dereva yametoka wapi.

Rafiki yangu, sijui kama umewahi kuishi katika nyumba inayouzwa. Siyo yako, wala huombi iwe yako. Unaomba tu isipate mtu.

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Albert Park, ghorofa ya sita. Mwaka ule watu walianza kutuambia turudi kwetu, kwanza kwa utani wa sokoni, halafu bila utani. Katika jengo letu watu walikuwa wanalala na viatu miguuni. Baba, ambaye kule Bukavu alikuwa fundi wa mawe na mbao, hapa alilinda magari kwenye maegesho ya maduka Westville, amevaa kizibao cha njano. Siku moja alimwongoza bibi mmoja mzungu aliyekuwa anarudisha gari nyuma, akimwambia polepole kwa Kifaransa: "Doucement, Madame, doucement." Bibi akazima gari pale pale katikati ya njia, wenzake wakampigia honi, yeye akashusha kioo kuongea Kifaransa na Baba kana kwamba walikuwa wameachana jana.

Mababu wa Madame huyo walitoka Ufaransa wakapitia Morisi, wakaja kulima miwa kwenye vilima vya kaskazini mwa Durban. Huko walijenga nyumba ya shamba sawasawa na ile waliyoiacha kwao: kuta za mawe, nene kuliko urefu wa mkono wangu, na paa lililoinuka sana ili theluji iteleze. Theluji, Durban! Baba alicheka siku tuliyofika. "Hawa batu walibeba hata baridi ya kwao kwenye mizigo," alisema.

Nyumba ilikuwa inauzwa pamoja na shamba, lakini kwa hali ile hata popo walikuwa wanaishi kwa kuvumilia. Makubaliano yalikuwa ya mdomo. Baba aikarabati, sisi tukae bure katika jiko la nyuma, na mnunuzi akipatikana, Madame atamwomba atuache pale kama walinzi.

"Na akikataa?" Mama aliuliza.

Baba alitafsiri. Madame akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, na sikumbuki kama alikipata.

Mama hakuhitaji tafsiri ya hilo. Mizigo yetu ilikuwa mitano, alifungua minne. Wa tano aliuweka nyuma ya mlango, na humo mlikuwa na sufuria, karatasi zetu za ukimbizi, na kitenge kimoja kizuri. "Shati la kuazima," alimwambia Baba, "usilipige pasi sana."

Lakini Baba alikuwa na ugonjwa wa mafundi. Hawezi kupita penye kitu kimepinda. Aliziba paa, akanyoosha mihimili, akachokonoa udongo katikati ya mawe na kuujaza upya, huku anaimba. Harufu ya chokaa mbichi hadi leo ni harufu yake. Mama alilima nyuma ya jiko: mihogo kwa ajili ya majani yake, sombe; mchicha tunaouita lengalenga; maharage yanayopanda. Mchana ulikuwa na mlio mmoja tu, mchi wake kwenye kinu, na kuta zile za mawe ziliurudisha, ukadhani wako wanawake wawili.

Mchi ukinyamaza, maana yake gari linakuja.

Tulipofika, miwa ilinifika kiunoni. Ikanipita. Ikampita Baba. Barabara ya kuingia ikawa mfereji wa kijani ambao hatukuona mwisho wake, na kila gari tulilisikia muda mrefu kabla ya kuliona. Nilikuwa nasimama na ndoo mkononi nikisubiri nione nani atatokea humo. Na nikagundua jambo ambalo wakubwa hawakutaka kuligundua. Paa lilipozibwa, yalikuja magari mawili ya wanunuzi. Bustani iliposafishwa, manne. Kila msumari aliopiga Baba ulitusogeza karibu na ule mzigo wa tano.

Nadhani mwishowe naye alijua. Yalibaki mabawa ya madirisha. Madirisha manane, mabawa kumi na sita, nami niliyahesabu kila asubuhi nikienda kuchota maji. Alitengeneza na kupaka rangi kumi na matano. La kumi na sita, lililotazama barabara kuu, aliliacha likining'inia kwa bawaba moja. Dalali wa Madame alikuja akalalamika kwamba hakuna tajiri anayenunua nyumba yenye jicho moja bovu. Baba akajibu kwamba mbao nzuri hazipatikani. Mbao zilikuwa chini ya kitanda chetu. Kwa wiki sita alilipita bawa lile akigeuza uso, kama jirani mliyekosana.

Halafu wakachoma miwa.

Huko huichoma kabla ya kuikata, majani yaishe. Hakuna aliyetuonya. Moto ulitokea ng'ambo ya kilima ukija na mlio wa watu elfu wanavunja kuni kwa pamoja. Panya walikatiza uani mchana kweupe, nyuma yao nyoka wawili, na hakuna aliyekuwa na haja na mwenzake. Jua likawa jekundu. Majivu yakaanza kushuka, vipande virefu laini, juu ya nguo, juu ya sombe, juu ya lile paa lililosubiri theluji miaka yote hiyo na sasa likaipata, nyeusi.

Mama alikuwa ameshika mzigo wa tano. Baba, sijui ni hofu au nini, alivuta mbao chini ya kitanda, akapanda ngazi, akatengeneza lile bawa. Moshi umetuzunguka, yeye anapaka bluu. Majivu yakanasa kwenye rangi mbichi.

"Weye uko na akili kweli?" Mama alimpigia kelele kutoka chini.

"Kama nyumba inaungua," alisema Baba, "iungue nzima."

Haikuungua. Asubuhi miwa haikuwepo, na kwa mara ya kwanza nyumba ilionekana kutoka barabara kuu, imesimama peke yake katikati ya weusi, na macho yote kumi na sita.

Mnunuzi alikuja siku hiyo hiyo. Hakuwa na miadi. Aliiona akipita, akampigia dalali aje. Mwanaume wa kaptura na buti za vumbi, asiyeuliza sana. Baba na dalali walikwenda kukagua kisima, naye akabaki nami jikoni. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Kwa Kiingereza changu cha shule nilimtembeza. Nikamwonyesha ufa nyuma ya kabati. Nikamwonyesha mchwa kwenye mhimili, chumba cha chini kinachojaa maji mvua ikinyesha, ukuta unaotoka jasho. Kila nilichosema aliandika kwenye kidaftari. Nilidhani anaandika sababu za kuondoka. Akanipa peremende.

Bibi yangu aliuza nguo za mitumba Bukavu, na msemo wake nilikuwa nimeusikia tangu mgongoni: anayeisifu mali anapita, anayeitukana amekuja kununua. Nilikuwa nimemwuzia mtu makosa, tena bure. Nikamwona dalali anasomewa kidaftari, anashika kichwa, anapiga simu kwa Madame kuomba bei ishuke. Kisha wakapeana mikono.

Tulipewa wiki moja. Kama Madame alituombea, hatukujua. Mama aling'oa mihogo ambayo haijakomaa. Tukarudi Albert Park, kwenye viatu vyetu vya kulalia.

Miaka yote iliyofuata Baba alisimulia kwa wageni: "Ningeliacha lile bawa moja, tungekuwa kule hadi leo." Wageni walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa namimina chai, na sikumwaga hata tone.

Sasa mabawa yale yalikuwa mbele yangu, yote. Dereva alingoja nianze kazi yangu, ananijua.

"Rand four hundred kila moja, sista. Haya, sema makosa."

"Hayana kosa."

Akaniangalia. Akaenda kuyaangalia tena yeye mwenyewe. "Eish. Three-fifty, basi. Kuna nini?"

Nikalipa four hundred. Hata leo haniamini.

Baba huja Jumamosi kunisaidia kupiga randa. Macho yake si mazuri tena. Alipitisha kidole juu ya vile vidoa, akasimama.

"Hili njo lilitutoa."

"Hapana, Papa," nikasema, na nikamwambia yote: ufa, mchwa, maji, jasho, peremende. Alisikiliza hadi mwisho, mkono bado uko juu ya ubao.

"Na popo?"

"Popo nilisahau."

"Walikuwa wengi kabisa," alisema. "Miye njo ningeanza na popo." Akachukua randa akanipa mgongo, akaendelea na mlango wa mtu mwingine, akisugua mahali palipokwisha kunyooka.

Nyumba haipo, dereva anasema hata mawe yamebebwa. Miwa haipo. Madame hayupo. Mchi wa Mama tunao, lakini hapa Umbilo kuta ni nyembamba, hazirudishi mlio, unasikia mwanamke mmoja tu. Mzigo wa tano upo nyuma ya mlango wa Mama, na simuulizi kuna nini ndani.

Mabawa nimeyasimamisha kwenye ukuta wa yadi. Hayauzwi. Wateja wanayapita wakiyasifu, nami nawaacha wasifu. Lakini mtu akisimama, akainama, akaanza kusema rangi imechafuka, mbao zimechoka, bawaba ni za zamani, natoka ofisini mbio na turubai kuyafunika.