X Nyekundu Kwenye Nyumba ya Mama Sichone

Ndugu zangu, siku hizi napita Tunduma nimeinamisha kichwa. Heri mnisikie mimi kabla hamjasikia kwa wengine.

Mradi wetu ulinipa kazi ya kuchagua mtaa ambao majirani watashirikiana kukarabati nyumba zao: dari, madirisha mapana, umeme wa jua wa pamoja. Nikachagua mtaa mmoja karibu na mpaka. Ili mafundi wasikosee, nikachora X kubwa kwa rangi nyekundu kwenye kila nyumba iliyochaguliwa.

Watu walitoka wakanitazama. Kwa ujuaji wangu, nikadhani ni furaha.

"Mnaanza lini, mwanangu?" akaniuliza Mama Sichone, mjane mwenye nyumba ya kwanza.

"Jumatatu, mama. Tunaanza na yako!"

Akakaa chini vumbini. "Na vyombo vyangu?"

"Vitoe mapema. Majirani watakusaidia."

Jumatatu nikafika na bosi wangu pamoja na mafundi. Nusu ya nyumba hazikuwa na paa. Magodoro yalikuwa yamepangwa njiani, na wanaume walikuwa juu wakishusha mabati. Walipoliona gari letu wakateremka na kutuzunguka, nyundo mikononi.

"Mabati tumeshatoa wenyewe," Mama Sichone alisema akilia. "Tuachieni basi hata matofali."

Nchi nzima inajua kwamba X nyekundu ukutani ni bomoabomoa. Ni mimi tu ambaye sikukumbuka.

"Nani amechora hizi?" bosi akauliza taratibu.

Mtaa mzima ukaninyooshea kidole.