Siku Tuliyotaka Kufunga Njia ya Maji

Nilifundisha Kiswahili hadi nikastaafu, na kosa nililolipiga mstari mwekundu kuliko mengine yote ni la kutafsiri neno kwa neno. Sikuwa na huruma nalo. Kisha mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi zangu, nikalifanya kosa hilo hilo kwenye karatasi iliyobandikwa mji mzima wa Garsen, na nusura nimkoseshe mama yangu nyumba.

Wakati huo mama alikuwa akiishi kwangu, katika vyumba viwili vya kupanga. Nyumba yake katika kijiji cha Wema, kando ya mto, ilichukuliwa na mafuriko, tukaijenga, ikachukuliwa tena. Mara ya mwisho alikataa hata kwenda kuitazama. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuamka na jembe, na sasa alishinda kitandani akinikosoa ninavyopika. Nampenda mama, lakini tulikuwa tumechokana. Alitaka mlango wake mwenyewe, na alinikumbusha kila asubuhi kabla sijanywa chai.

Waliohamishwa na mafuriko walikuwa na kikundi, na mama ni mwanachama. Kikundi kilipewa kiwanja katikati ya mji, kati ya kinu cha kusaga unga na duka la mabati. Miaka yote pale palikuwa na mathenge, vile vichaka vya miiba, na takataka tu, huku maduka yamejipanga kulia na kushoto. Tulitaka kujenga safu mbili za nyumba ndogo. Ilibaki kamati ya mipango ije kutoka Hola, makao ya kaunti, isikilize wenye pingamizi, ipitishe au ikatae. Ikikataa, kiwanja kinarudi kwa kaunti, na mama anarudi kuonja mchuzi wangu.

Ili wenye pingamizi wajue, lazima tangazo libandikwe, na mchoraji wetu wa ramani alikuwa ameandika kila kitu kwa Kiingereza. Nikaombwa nikiweke kwa Kiswahili. Kiwanjani hupita mtaro wa maji ya mvua, ambao ungefunikwa. Kiingereza chake kilizungumzia njia ya maji iliyo wazi, kwamba itafungwa. Nami, bila kutazama ramani, nikaandika: "Njia ya maji iliyo wazi itafungwa." Niliisoma sentensi hiyo mara mbili na nikajisifu.

Siku ya kikao nilifika ukumbini na mama, nikakuta viti vya nyuma vimejaa wafugaji wa Kiorma, wote wazee, bakora zao zimeegemezwa ukutani. Damu ilinichemka. Nikasema moyoni, hawa nao wamefuata nini? Sisi wakulima tumetolewa na mto, na sasa hata mjini hawatutaki. Nilikuwa tayari na maneno makali, tena nilikuwa nimeshayapanga.

Mwenyekiti wa kamati, mwanamke mmoja mpole mwenye sauti ya chini, aliuliza nani ana pingamizi. Mzee mmoja akasimama.

"Nyumba, jenga," alisema. "Hiyo hakuna mtu nakataa. Watu ya mafuriko ni watu yetu. Lakini nyinyi nataka funga njia ya maji. Sasa ng'ombe takunywa wapi?"

"Njia gani ya maji, mzee?" mwenyekiti akauliza.

"Malka. Karatasi nasema."

Akatoa tangazo lililokunjwa mfukoni, na karani akaisoma sentensi yangu kwa sauti, ukumbi mzima ukisikia.

Malka, au njia ya maji kama wengi tunavyoiita, ni njia ambayo mifugo hupita katikati ya mashamba kushuka mtoni. Huku kwetu watu wamefarakana vibaya kwa sababu ya malka kuzibwa. Katika Garsen nzima hakuna maneno mabaya zaidi ya kubandika ukutani kuliko kwamba njia ya maji itafungwa, na mimi nimezaliwa hapa, najua. Nilitamani sakafu inimeze.

Mwenyekiti akafunga faili. Alisema pingamizi la namna hiyo ni zito, afadhali kikao kiahirishwe mpaka kamati ikakague yenyewe. Lini, hakusema.

Mama yangu akaniinamia, akaniuliza kwa Kipokomo, lugha yetu ya nyumbani, ni nani aliyeandika vile.

"Ni mimi."

"Basi mbona umekaa?"

Nikasimama. Maneno makali niliyoyapanga yote yalikuwa hayana kazi tena. Nikasema kosa ni langu, si la kikundi, wala malka haikuguswa na haitaguswa. Kinachofunikwa ni mtaro.

Mzee akanitazama. "Mtaro?"

"Mtaro, mzee. Ule wa karibu na kinu."

"Ule nanuka?"

"Huo huo."

Akageuka, akawaeleza wenzake kwa Kiorma, na kicheko kikaanzia viti vya nyuma kikatufikia mbele. Hata mwenyekiti alificha mdomo kwa faili.

"Huo funga," mzee akasema. "Funga hata leo."

Aliomba tu iandikwe katika kumbukumbu za kikao kwamba malka ya chini ya mji itabaki wazi. Ikaandikwa, na safari hii hakuna aliyeniomba msaada wa maneno. Kisha kamati ikapitisha nyumba zetu. Nilikaa chini nikashusha pumzi, na nakiri machozi yalinitoka, nikajifanya nafuta miwani.

Mlangoni yule mzee alinishika mkono. "Mwalimu, siku ingine andika vile watu nasema."

Nilidhani mama atataka kurudi kupumzika. Alitaka apelekwe kiwanjani. Nikapima kwa hatua, nikamwonyesha mahali chumba chake kitakapokuwa, nyumba ya mwisho upande wa kinu. Akasogeza tawi la mathenge kwa mguu, akaingia taratibu, akasimama katikati ya udongo ule mweusi mkavu, akatazama huku na huku. Nikamfuata.

"Vua viatu," akaniambia. "Unaingia kwangu."

Nikavivua, miiba yote ile, nikaingia.