Kifusi Kilichogeuza Mto

Wasomaji wangu, wiki hii nimeletewa habari kwamba dereva mmoja wa zamani wa lori, mtu tuliyepanga naye ploti moja mtaani Huruma nilipokuwa mwalimu kijana Eldoret, amefariki. Kifua kilimshinda. Familia yake imenisihi nisimtaje jina, kwa sababu bado wapo wanaolikumbuka kwa uchungu. Nitaliheshimu ombi hilo, lakini kunyamaza kabisa siwezi.

Alikuwa ametoka upande wa ziwa kutafuta kazi, mtu mrefu, mcheshi, ambaye kicheko chake kilisikika vyumba vyote. Katika miaka ile ya chama kimoja mji ulikuwa unageuzwa. Maduka ya zamani yalibomolewa na maghorofa yakapanda mahali pake. Yeye alipewa kazi ya kuondoa kifusi cha jengo la mkubwa fulani: matofali, vipande vya zege, mabati yenye kutu, mbao zilizojaa misumari. Mwanakandarasi hakutaka safari ndefu. Akamwambia amwage ukingoni mwa mto, chini ya Huruma, naye akamwaga kiangazi kizima. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha lori, alikunywa uji kwa mama mmoja kutoka sehemu za kati za nchi, mjane aliyepanga chumba cha udongo karibu na maji pamoja na binti yake wa pekee.

Mvua za masika zilipokuja, mto ulikuta njia yake imebanwa. Maji yakajaa nyuma ya lile rundo, yakatafuta pa kupitia, yakaingia vyumbani. Ilikuwa Jumapili, mama yuko kanisani, binti amebaki kitandani na malaria. Tulimpata maji yalipopungua, amenaswa kwenye mbao za lile jengo. Dereva ndiye aliyemtoa. Sikumsikia akicheka tena.

Chifu aliitisha baraza. Alisema mvua ni kazi ya Mungu, na wanaoishi karibu na mto wajilaumu wenyewe. Sote tukatazama chini. Ndivyo tulivyoishi wakati huo. Mtu aliyemtaja mkubwa hadharani hakujua atalala wapi. Ndipo jirani yangu akainuka.

"Chifu, mvua ni ya Mungu, sawa. Lakini hiyo mawe si Mungu aliweka. Ni mimi. Niliambiwa nimwage hapo, nikamwaga."

"Uliambiwa na nani?"

"Chifu, wewe unajua. Hata wewe ulipita hapo ukaona."

"Keti chini! Unapinga maendeleo?"

Hakuketi. Alimgeukia yule mjane aliyekuwa amekaa kwenye nyasi na leso yake begani. "Mama, nisamehe. Nilikuwa nakunywa uji kwako, halafu naenda kumwaga mawe nyuma ya nyumba yako."

"Nilikuwa nasikia lori yako," mama alisema. "Nilidhani mnatutengenezea barabara."

Askari walimchukua jioni hiyohiyo. Aliporudi majuma kadhaa baadaye alikuwa amekonda, anakohoa, na kazi hana. Hakutusimulia alikokuwa, nasi hatukuuliza. Mjane alikuwa amehamia kwa kaka yake, kule Yamumbi. Dereva alimfuata huko mara mbili. Mara zote mbili mlango haukufunguliwa.

Kiangazi kilichofuata alitafuta mkokoteni, akaanza kulipunguza rundo lile kwa mikono yake. Matofali mazima aliyakwangua saruji akawapa waliokuwa wakijenga nyumba kule Kimumu. Mabati aliwapelekea mafundi wa jua kali, wakayageuza majiko. Mawe aliyapondaponda akayashindilia kwenye vichochoro vya Huruma, ambako watoto walikuwa wakienda shule huku matope yakiwafika magotini. Watu walimcheka. Wengine walisema anataka kujisafisha. Huenda ni kweli. Mimi sijui mtu hufanya nini kingine na mzigo wa namna ile. Ninachojua ni kwamba alipokuwa akiondoa huku, malori mengine yalikuwa yakimwaga kule juu, na vumbi lilizidi kumla kifua ambacho tayari kilikuwa kimeharibiwa.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Mtoto hakurudi, na mama yake, nilivyosikia, aliingia kaburini bila kumsamehe. Ilikuwa haki yake. Lakini siku ile barazani tulikuwa wengi tuliolijua rundo lile, na aliyesema ni mmoja tu. Leo tunasema tunavyotaka, hakuna anayetuchukua jioni, na bado kila anayekarabati nyumba humlipa mwenye lori, hufunga geti, na hashughuliki tena. Kuogopa kumekwisha, sasa ni uvivu tu.

Kwa hiyo ukibomoa ukuta wako mwaka huu, tenga kwanza kinachoweza kujenga tena, umpe anayekihitaji. Kinachobaki, panda lori pamoja na dereva mpaka anakokimwaga. Kisha shuka, uangalie ni nani anaishi hapo chini.