Simu Ilihesabu Sura

"Sikatai kulikuwa na mtu kwa huo mstari wa chai, mzee," nilimwambia nyapara. "Nasema hakuwa huyo mama."

Alicheka tu. Tulikuwa kwa shedi ya kupimia majani, yeye ameshika simu yake mbali na macho. Tajiri wa hilo shamba la chai, upande wa Sotik, alikuwa amenipa kazi ya kutengeneza app ya wafanyakazi. Nilikuwa na form four, kozi fupi ya kompyuta, na haraka mingi. Kila asubuhi nyapara anapiga kila mtu picha ya uso. Ukikosa siku tatu, app inakutoa kwa orodha yenyewe. Hiyo ya siku tatu ilikuwa wazo langu. Hakuna mtu aliniitisha.

Sasa ilikuwa imetoa mama mmoja ambaye amechuna hapo tangu sijazaliwa. Orodha ilikuwa inaenda kwa tajiri kesho yake saa mbili. Kama hauko kwa orodha, mstari wako wa kuchuna unapewa mwingine.

Nyapara alinieleza polepole. Huyo mama alikuwa amelazwa hospitali ya Kapkatet siku tatu, presha. Mke wa kijana wake akasimama kwa mstari wake, kama kawaida. Hapo mtu akigonjeka hatafuti ruhusa, anatafuta mtu wa kwao wa kusimama. Na nyapara, na kile kitabu cha mahudhurio alichokuwa anatumia kabla ya app, alikuwa anapita akiangalia mistari. Mstari ukiwa na mtu, anaweka alama.

"Wewe ulihesabu sura," akasema. "Mimi nahesabu mistari."

Nilimuuliza mbona hakuniambia hayo mapema. Akasema sikumuuliza. Niliuliza tu kama simu yake inashika network.

Ilikuwa ukweli. Wiki mbili nilikuwa nimekaa kwa ofisi nikichagua rangi za button.

Mama mwenyewe akafika na kikapu. Alikuwa amerudi kazi hiyo asubuhi, simu ikamkataa, akaenda kuchuna tu.

"Mwalimu wa simu," akaniita, "hiyo kitu yako inasema nimekufa?"

"Hapana, mama. Inasema hauko."

"Na haya majani yamechunwa na nani?"

Wenye walikuwa kwa laini ya kupima wakacheka. Nyapara akapima kikapu.

Ningeweza kumrudisha kwa orodha hapo hapo, dakika moja, na hakuna mtu angejua. Lakini wiki ingine ingetoa mwingine, na tajiri akiona kitabu kinasema mtu yuko na app inasema hayuko, angedhani nyapara anaficha watu. Kwa hivyo niliamua asubuhi niende kwa tajiri kabla ya saa mbili, nimwambie hiyo sheria ni yangu na naitoa. Na kabla ya hapo, saa kumi na mbili, nitembee na nyapara mstari kwa mstari, nikiuliza kila mtu: siku hauko, nani anasimama hapa?