Anataka Wageni Wake Wakae Kwangu, Mimi Nikae Jikoni

Admin, Bwana asifiwe. Ficha jina langu kabisa, hata kijiji usitaje, kwa sababu huyu ninayemsema ana simu na ukurasa huu anausoma.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, watoto wanne, niko huku Nyamira. Shule niliishia darasa la nane, kwa hivyo mkiona makosa mnivumilie. Nauza mitumba soko la Daraja Mbili, mume wangu anaangalia shamba letu dogo la chai. Mimi ni Msabato, na kila asubuhi naomba kabla sijawasha moto. Lakini wiki hii nikipiga magoti, badala ya kuomba napanga vile nitamwaibisha mtu. Mungu ananiona, siwezi kudanganya.

Nyumba yangu ni ya udongo na mabati, tukaipaka simiti nyembamba. Miaka kumi na moja nimeitengeneza pole pole. Mzigo ukifunguliwa sokoni, wenzangu wanakimbilia blauzi, mimi natafuta mapazia mazito. Rangi nilinunua mikebe iliyopondeka, mabaki ya rangi tatu, nikachanganya kwenye ndoo moja, ikatoka rangi haina jina, kama chai yenye maziwa mengi. Dari ni magunia ya sukari niliyofua, nikashona, nikayavuta kwa misumari na kupaka chokaa. Fundi mmoja wa Nyakoe alinitengenezea viti vya mkalitusi, mito nikashona mwenyewe na kujaza vipande vya nguo. Mtu akiingia kwangu anavua viatu bila kuambiwa, na akishakaa hataki kuondoka.

Sasa, kaka mkubwa wa mume wangu ana mke, tuko naye boma moja. Nitamwita Mama Kemunto, na mimi niiteni Mama Nyaboke, si majina yetu. Yeye alisema hawezi kulala kwa udongo. Wakaanza nyumba ya mawe, vyumba vitano, na geti kubwa jeusi. Nguvu zote zikaishia kwa geti. Ndani hakuna plasta, madirisha ni nailoni, wanakalia viti vya plastiki. Mimi sikuwahi kucheka, kila mtu na uwezo wake. Yeye ndiye alinicheka. Sabato moja akina mama wa kanisa walikuja kuniombea, akawaambia mbele yangu, "Mketi pole pole, dada zangu. Hiyo mito ni nguo za wazungu waliokufa." Wakacheka. Mmoja akainuka akajipangusa sketi. Nilimimina uji nikitabasamu.

Binti yake, Kemunto, amepata mchumba mjini Kisii, wazazi wa kijana ni watu wa ofisi. Jumapili ijayo wanakuja kuongea mambo ya ng'ombe wa mahari. Jumanne Mama Kemunto alikuja kwangu na kilo mbili za sukari. Huyu hajawahi kuniletea hata chumvi.

"Mama Nyaboke, dada yangu, unajua sisi ni boma moja."

"Najua. Kuna nini?"

"Wageni wangu wakae kwako. Kwangu bado kuna vumbi ya ujenzi."

"Vumbi ya miaka tisa?"

Akameza hiyo. Ndipo akanieleza. Desemba Kemunto alijipiga picha kwa viti vyangu akamtumia kijana. Mama ya kijana akaona, akasifu sana, na Mama Kemunto akamjibu kwa simu kwamba hapo ni kwake, amepanga mwenyewe kila kitu.

"Kwa hivyo toa ile picha yenu ya harusi ukutani," akasema. "Na wewe ukae jikoni. Ukiulizwa, sema wewe ni jirani, umekuja kusaidia kupika."

Jirani! Nimeolewa katika boma hili miaka ishirini na sita.

Nikamwambia, "Sawa, Mama Kemunto. Usijali." Akanikumbatia. Hakujiuliza kwa nini nimekubali haraka hivyo.

Hapa kwetu wazee hawagusi habari ya ng'ombe kabla mama mwenye nyumba hajasimama kuwakaribisha. Mzee wetu wa ukoo huuliza, "Mwenye nyumba yuko wapi?" Yeye amejipanga asimame. Na mimi nitatoka jikoni na gauni langu la kanisani, la siku ya meza ya Bwana, nisimame kando yake, niseme, "Karibuni kwangu." Basi. Sitamtukana, sitapandisha sauti. Nitamwacha tu amesimama katikati ya mapazia yangu, atafute pa kuweka uso.

Mume wangu amesikia akashika kichwa. "Mama Nyaboke, utavunja ndoa ya mtoto."

"Mimi sivunji kitu. Nakaribisha wageni nyumbani kwangu. Hiyo ni dhambi?"

Akachukua kikapu, akaenda shambani kuchuma chai.

Jana Kemunto mwenyewe alikuja, nikiwa nachambua maharagwe. Akapiga magoti. "Mama mdogo, najua hatujafanya vizuri. Lakini nampenda."

Nikamuuliza, "Mama ya huyo kijana akikuuliza wewe, hii nyumba utasema ni ya nani?"

Akatazama maharagwe. Huyo nimembeba mgongoni mama yake akiwa sokoni, wajameni, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko yale maneno ya wazungu waliokufa. Lakini pia niliona anatetemeka, na hiyo nayo haijanitoka.

Nikisimama, huenda wale watu wakarudi mjini na ng'ombe wao, na mtoto akabaki na aibu ya mama yake. Nikibaki na sufuria, nitakuwa nimekubali mbele ya wazee kwamba miaka kumi na moja ya mikono yangu ni ya mtu mwingine. Msiniambie nisamehe saba mara sabini, hiyo naijua, nimeifundisha watoto wangu. Niambieni tu, mzee akiuliza mwenye nyumba yuko wapi, nifanye nini?

Zimebaki siku tatu. Mnijibu mapema, kwa sababu nikiachwa peke yangu na huu moyo, nitasimama.