Minazi ya Bi Esha

Mbuvi hakuwa mvivu, na atakayesema hivyo akutane nami niliyekuwa jirani yake. Alishuka kutoka Ukambani na mkewe Kavenya, wakapewa shamba kwenye skimu ya makazi ya serikali, Shimba Hills, wakafyeka msitu mpaka mikorosho yao ikazaa. Kisha bei ya korosho ikaporomoka, magunia yakaozea nyumbani, naye akaanza kusikiliza maneno ya madalali.

"Shamba halilipi tena," aliniambia. "Ploti ndiyo mali. Diani imejaa, hoteli zitasogea Mwabungo."

Akaweka hatimiliki ya shamba benki, akakopa, akanunua ekari mbili za mzee Suleiman huko Mwabungo. Suleiman, mtu mkweli, alimwambia mbele yangu: "Bwana Mbuvi, nakuuzia ardhi. Minazi si yangu, ni ya Bi Esha. Aliipanda babake." Kwetu sisi Wadigo hilo si ajabu, huyu ana ardhi, yule ana miti. Mbuvi alicheka mpaka akashika mbavu. Kwao anayenunua shamba hununua na kilichoota juu yake.

Mwaka wa tisini na saba zikazuka ghasia, watalii wakakimbia, hoteli zikafungwa. Riba haikukimbia. Mwaka uliofuata akapatikana mnunuzi mmoja, akataka ploti tupu. Mbuvi, roho juu, hakwenda hata kubisha hodi kwa Bi Esha. Alikodi msumeno akaiangusha minazi yote.

Nilitamani kumzaba kofi. Bi Esha angekubali fidia ndogo, namjua. Sasa alikaa juu ya gogo akalia, kisha akaenda mahakamani. Mauzo yakasimamishwa, mnunuzi akaenda zake, na benki ikaleta mnada Shimba Hills.

Siku ya mnada wanunuzi walizunguka shambani wakinung'unika kwamba udongo umechoka. Kavenya aliomba Mungu waondoke. Bila mnunuzi, benki ingewaachia msimu mwingine. Lakini Mbuvi hakustahimili kusikia shamba lake likitukanwa. "Umechoka? Njooni!" Akawapeleka bondeni panaposhika maji hata kiangazi, akachimbua udongo kwa mikono, akawaonyesha mkorosho unaozaa kuliko yote. Wakaanza kupandishiana bei.

"Baba Ngina, nyamaza," Kavenya alimsihi mumewe, machozi yakimtoka. "Unawauzia kwetu."

Hakumsikia. Alikuwa akiwaeleza jinsi ya kuupogoa mkorosho huo.